Wilson Kinyonga: Gitaa la Tanga lililovumia Nairobi

MSAFIRI atokaye Tanga kwenda Arusha kwa barabara hupita Segera, wilayani Handeni, akaingia Korogwe, kisha akaanza kuambaa milima ya Usambara. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya njia hiyo ilitawaliwa na zao moja: mkonge.

Anayetaka kuuelewa muziki wa marehemu Wilson Kinyonga, mpiga gitaa la solo na mwimbaji aliyeiongoza Simba Wanyika, hana budi kuanzia mashambani humo.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kufikia mwaka 1964 Tanzania ilizalisha tani zipatazo 230,000, kiasi kilichoiweka mbele ya dunia nzima. Wazigua, Wasambaa na Wabondei peke yao hawakutosha kwa kazi hiyo, hivyo wakaletwa vibarua kutoka Tabora, Kigoma, Songea na hata nchi jirani. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake.

Watu hao walikuja na ngoma zao, na siku ya mshahara walikuwa na fedha mfukoni. Bendi ya dansi haihitaji mengi zaidi ya hayo ili izaliwe.

Ndivyo Young Nyamwezi Jazz Band ilivyochipuka mjini Tanga katika miaka ya 1950, ikibeba jina la watu waliotoka mbali na pwani. Baadaye ikaitwa Jamhuri Jazz, na mwaka 1966 wakajiunga nayo vijana wawili wa hapo hapo Tanga, Wilson Kinyonga na mdogo wake George.

Mwaka 1970 ndugu hao walihamia Arusha, wakaungana na ndugu yao mwingine, William, kuunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka hadi Kenya, na Nairobi ikawa makao yao.

Sababu za kuhama hazihitaji kutafutwa mbali. Tanzania ya wakati huo haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Mwanamuziki aliyerekodi Redio Tanzania alisikika nchi nzima, lakini hakuwa na sahani ya kuuza. Nairobi palikuwa na studio, kampuni za santuri na kumbi zilizojaa.

Jina walilochagua halikuwa geni kwa mtu wa Handeni. Nyika ni ile pori kavu inayoanza pale minazi inapokoma.

Katika upigaji wake, Wilson hakuwa mtu wa haraka. Rumba ya Kongo ilipenda kupandisha kasi katikati ya wimbo hadi wachezaji watoke jasho. Ya Simba Wanyika ilitembea. Gitaa la solo lilisema maneno machache, likanyamaza, likajibiwa na gitaa la ridhimu lililozunguka bila kuchoka, huku saksafoni ikiingia kwa adabu. Juu yake uliwekwa uimbaji wa Kiswahili cha pwani, kila neno likisikika. Huenda hiyo ndiyo siri kubwa kuliko zote: Mkikuyu wa Nairobi na Mzigua wa Korogwe waliufuata wimbo mmoja bila mkalimani.

Pigo lilikuja mwaka 1978. Mpiga ridhimu Omar Shabani, mpiga besi Tom Malanga na wenzao waliondoka wakaunda Les Wanyika, wakampata mwimbaji John Ngereza, na wimbo wao "Sina Makosa" ukatikisa Afrika Mashariki. Miaka michache baadaye hata George alijitenga kwa muda na kuanzisha Orchestra Jobiso, kisha akarudi kwa kaka yake.

Wakati huo huo nyumbani palikuwa mbali kuliko ramani ilivyoonyesha. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Bendi ya Watanzania ikawa inatamba ng'ambo ya lango lililofungwa.

George alifariki dunia mwaka 1992, mwaka ambao albamu yao "Pepea" ilitolewa Ulaya. Bendi ilisimama mwaka 1994, na Wilson akafariki mwaka uliofuata.

Katika vipindi vya zilipendwa redioni, nyimbo zao bado zinaombwa. Wengi wanaoziomba huzijua kwa mwanzo wa gitaa kabla ya kulikumbuka jina la aliyelipiga.