Gari likimisi, pima kwanza

Barabara ikiwa tambarare, Toyota IST yako inateleza bila kisa. Ukianza kuupanda Mlima Kitonga na kukanyaga mafuta ili ulipite lori, inakatakata, inakosa nguvu, na taa ya injini inawaka. Mafundi watakwambia gari linamisi. Gereji nyingi zitakubadilishia plagi zote, kisha koili, kisha pampu ya mafuta, mpaka hela ikuishie. Huo si ufundi, ni bahati nasibu ambayo tiketi zake unazinunua wewe.

Ugonjwa hujitokeza mlimani kwa sababu. Ukikanyaga mafuta, hewa na petroli nyingi huingia kwenye silinda, na mgandamizo hupanda. Hapo cheche huhitaji umeme mkali zaidi ili iruke. Koili iliyochoka, au plagi ambayo ncha yake imelika, huweza kujikongoja injini ikinguruma gari limesimama, lakini mzigo ukizidi inasalimu amri.

Kwa hiyo anza na mashine ya kupimia. Ikisoma P0302, silinda ya pili ndiyo isiyochoma. Injini ya 1NZ ya IST ina silinda nne, kila moja na koili yake iliyoshikwa kwa bolti moja ya spana namba 10. Zima gari, koili ya pili ihamie ya tatu, ya tatu ije ya pili. Futa namba, endesha, pima tena. Ikisoma P0303, koili ndiyo mbovu, na utanunua moja tu. Ikibaki P0302, injini ikishapoa hamisha plagi vivyo hivyo. Plagi nayo ikionekana haina kosa, ndipo uiangalie nozeli, na mwisho mgandamizo wa silinda yenyewe.

P0300 ni habari nyingine: kumisi kunarukaruka silinda hadi silinda. Mara nyingi shida iko kwenye kitu ambacho silinda zote zinakitegemea, kama sensa ya hewa iliyochafuka, paipu inayovuta hewa pembeni, pampu dhaifu au petroli yenyewe. Uchakachuaji si hadithi. Ndio uliowafanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, waanze kuweka vinasaba, yaani alama maalumu ya utambuzi, kwenye mafuta mwaka 2010. Kama gari limeanza kusumbua baada ya kujaza kituo usichokizoea, mwambie fundi hilo kabla hajafungua boneti.

Taa ikiwaka mfululizo, nenda taratibu hadi gereji. Ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, egesha. Petroli isiyochomwa inakwenda kuunguzwa kwenye masega ya eksozi, na joto lake huweza kuyayeyusha. Ndani ya masega hayo mna platinamu na paladiamu, na bei yake haikaribiani na ya koili.

Kabla hujatoa pesa, mwombe fundi akuonyeshe namba kwenye mashine, na kifaa alichokitoa ondoka nacho.