Kupogoa Miti Mikubwa ya Nyumbani

Huku kwetu Tanga, Muheza na Pangani, nyumba nyingi zina mwembe au mchungwa uliopandwa na wazee. Twaona tawi likielemea paa, wengine huukata mti wote, na wengine huufyeka kilele kwa panga. Njia zote mbili ni hasara. Mti uliofyekwa kilele huchipua matawi mengi membamba yasiyoshika imara, na upepo huyaangusha. Nalo jeraha pana huoza hata ndani ya shina.

Mwembe ungojewe mavuno yaishe, kisha upogolewe siku kavu kabla ya masika. Kwanza tuondoe matawi makavu, yanayosuguana, na yenye kirukia, kwa maana mmea huo huunyonya mti. Katika mchungwa uliobebeshwa juu ya shina la mlimau, tuondoe machipukizi yote ya chini ya kiungo. Yakiachwa, mwisho tutachuma malimau.

Tawi zito likatwe kwa msumeno mara tatu. Kwanza upande wa chini, shubiri mbili mbali na shina, hata theluthi ya unene wake. Pili upande wa juu, mbele kidogo, lianguke bila kuchuna gome la shina. Tatu kiondolewe kipande kilichobaki, karibu na uvimbe ulio pale tawi litokapo. Uvimbe wenyewe usiguswe, maana ndio uzibao jeraha.

Watoto wakae mbali, na tawi lililo juu ya nyumba lifungwe kamba kwanza. Mwembe hukua miaka mingi. Shoka huumaliza kwa asubuhi moja.