Santuri za marehemu: zipi zibaki, zipi ziondoke?

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

AROBAINI ya marehemu ikishapita, ndugu hukaa kugawana alivyoviacha. Shamba hugawanywa, mifugo huhesabiwa na nguo hupata wa kuzivaa. Lakini katika baadhi ya nyumba za milima ya Usambara hubaki kasha moja ambalo hakuna anayeligombea, nalo ni kasha la santuri.

Mashine ya kuzipigia iliharibika zamani au iliuzwa. Majalada yameota ukungu. Vijana wanaosikiliza muziki katika simu huona humo takataka zenye uzito tu, na wazee wanaozijua nyimbo hizo hawana tena nguvu za kuinama na kuzipanga. Basi kasha husukumwa uvunguni, au mnunuzi wa kupita hulibeba lote kwa mkupuo kwa bei aliyoitaja yeye mwenyewe.

Njia zote mbili ni hasara. Kupunguza santuri si jambo baya, maana nyumba si ghala, na si kila santuri inastahili kutunzwa. Ila kwa Tanzania kazi hiyo ina kanuni yake, na kanuni hiyo haifanani na ile ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani.

Huko mtu hushauriwa kuanza kwa kuondoa zilizokwaruzika. Huku kwetu ushauri huo ni wa hatari. Santuri ya Atomic Jazz ya Tanga iliyokwaruzika na isiyo na jalada ina haki zaidi ya kubaki kuliko santuri safi ya Jim Reeves, hata kama marehemu alimpenda Jim Reeves kuliko wote. Nakala za mwimbaji huyo wa Marekani zimejaa duniani, na nyimbo zake hupatikana kwa kubonyeza simu. Ile ya Atomic, ikishavunjika, huenda isipatikane nyingine wilaya nzima.

Kwa nini zimekuwa adimu

Sababu iko katika namna santuri zenyewe zilivyopatikana. Mwaka 1928, Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za taarab, kwa kuwa hapakuwa na njia iliyo karibu zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia biashara ya kurekodi ilishika kasi Nairobi, na huko ndiko bendi za Tanganyika, na baadaye Tanzania, zilikokwenda zilipotaka kufyatua santuri.

Miongoni mwa waliorekodi miaka ya 1950 ni Frank Humplick, mzaliwa wa Moshi aliyeimba pamoja na dada zake Thecla na Regina, na ambaye baadaye aliishi hapa Lushoto. Santuri za enzi hizo ni zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, na kila upande ulitosha wimbo wa dakika tatu hivi.

Miaka ya 1960 na 1970 zikatawala santuri ndogo za mizunguko 45. Mji wa Tanga, ambao watu wa milimani huuona kuwa ndio mji wao mkubwa, ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ambayo awali ikiitwa Young Nyamwezi. Kwa upande wa taarab kulikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyomtoa Shakila binti Said, aliyefariki dunia mwaka 2016. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, waliopata umaarufu Kenya kwa jina la Simba Wanyika, nao walianzia Tanga. Kwa hiyo kasha la Lushoto lenye santuri 40 za miaka hiyo laweza kuwa historia ya muziki wa mkoa mzima, ingawa aliyezinunua alitaka tu kucheza dansi.

Wapo watakaosema kwamba nyimbo hizo zipo redioni. Ni kweli kwamba Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nyingi na kuhifadhi kanda zake. Lakini kanda hizo zilikuwa za kutangazia, wala hazikuwa bidhaa ya dukani. Wimbo uliorekodiwa redioni na ule uliofyatuliwa Nairobi si lazima ufanane. Mpiga gitaa aliyesikika huku huenda hakuwapo kule, na zipo nyimbo za santuri ambazo hazikuwahi kuingia katika kanda za redio.

Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Njia ya kwenda kurekodi ikawa nyembamba, na njia ya santuri kuja ikawa ya magendo. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alikuwa Mombasa alipofariki katika ajali ya gari Januari 1979, naye ni mmoja wa wachache ambao santuri zao ziliendelea kutolewa Nairobi kwa wingi, zikiwemo zile kubwa za mfululizo wa Ukumbusho. Mpaka ulipofunguliwa, kanda za kaseti zilikwisha kulishika soko. Tangu hapo kila santuri iliyovunjika ilipungua bila kujazwa.

Mnunuzi analijua hilo. Kampuni za nje zimetoa upya muziki wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Original Music ya Marekani ilitoa mkusanyiko wa The Tanzania Sound mwaka 1987, Buda Musique ya Ufaransa ikaendesha mfululizo wa Zanzibara, na Soundway ya Uingereza ikatoa Kenya Special mwaka 2013. Pale ambapo kanda halisi ya kiwandani imepotea, santuri iliyotunzwa nyumbani kwa mtu ndiyo inayobaki kuwa chanzo. Hapo ndipo ilipo thamani ya lile kasha la uvunguni, na ndiyo sababu si busara kuliuza kabla ya kujua kilichomo.

Kupanga kabla ya kupunguza

Kosa la kawaida ni kuanza kugawa zipi zitoke kabla ya kuzipanga. Ianze kazi ya kutenganisha. Santuri za 78 ni nzito na huvunjika kama sahani ya udongo. Zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu mgumu unaotokana na wadudu. Zile za 45 na zile kubwa za 33 na theluthi moja ni za plastiki na hupindika kidogo zikishikwa. Makundi haya hayawekwi pamoja, kwa sababu lile zito huliumiza jepesi.

Tofauti hiyo ni muhimu pia wakati wa kusafisha. Spiriti huyeyusha shelaki, kwa hiyo isikaribie kabisa santuri za 78. Plastiki husafishwa kwa kitambaa laini na maji safi yenye tone la sabuni, kwa kufuata mkondo wa mifereji, huku karatasi ya katikati ikikingwa isilowe. Karatasi hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha santuri.

Linafuata daftari. Kila santuri iandikwe jina la bendi, nyimbo za pande zote mbili, kampuni, namba iliyochapwa kwenye karatasi, na ile iliyochongwa kwenye plastiki karibu na katikati. Upande wa pili usidharauliwe. Mara nyingi wimbo mmoja mrefu ulikatwa vipande viwili, nusu huku na nusu kule, na mara nyingine wimbo usiovuma ndio uliokuja kuwa adimu. Namba za kampuni ile ile zikipangwa kwa mfuatano husaidia kukisia ipi ilitangulia, kwani santuri nyingi za zamani hazikuandikwa mwaka.

Picha ya simu ya kila karatasi inatosha kuwa nyongeza ya daftari. Kama marehemu aliandika jina lake na tarehe ya ununuzi juu ya jalada, maandishi hayo yasifutwe. Yanaonyesha wimbo ulifika lini milimani.

Hali ya hewa ya Lushoto, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, ni baraka na balaa kwa pamoja. Joto la Mombo au Korogwe, hasa ndani ya gari lililoegeshwa juani, huweza kupinda santuri ya plastiki. Huku juu hofu hiyo ni ndogo. Adui wa huku ni unyevu. Kuanzia masika hadi baridi ya Juni na Julai, ukungu unaoshuka kutoka Magamba huingia ndani ya nyumba na kukaa katika karatasi. Majalada yakishaota kuvu, yakaushwe kivulini penye upepo na kufutwa kwa brashi kavu nje ya nyumba. Kuyaanika juani pamoja na santuri ndani ni kuponya jeraha moja kwa kufungua jingine.

Zisimame wima kama vitabu, zisilale moja juu ya nyingine, na zisiegemee upande. Zisigusane na ukuta wa nje wala sakafu, na zikae mbali na moshi wa kuni.

Zipi ziondoke

Daftari likikamilika, uamuzi huwa mwepesi kuliko ilivyodhaniwa. Za kwanza kuondoka ni za wanamuziki wa Ulaya na Marekani waliouza kwa mamilioni, isipokuwa zile ambazo mwanafamilia anazitaka kwa mapenzi yake. Zinafuata nakala zilizojirudia, na hapo ibakishwe moja inayolia vizuri na, ikibidi, jalada bora la nyingine.

Za kubaki ni za bendi na vikundi vya Tanzania, Zanzibar na Kenya, hata zikiwa na mikwaruzo. Kwaya za Kiswahili ziingie kundi hili. Wakusanyaji wa nje huzipuuza kwa kuwa hazichezeki, na kwa hiyo ni nadra kwa mtu kuzitoa upya. Kwa maoni ya mwandishi huyu, santuri ya kwaya ya nyumbani ndiyo inayotupwa haraka kuliko zote pasipo sababu.

Kabla ya lolote kuondoka, litafutwe sikio la mzee. Ziko nyimbo ambazo karatasi zake zimechanika, na ni aliyezicheza tu awezaye kuzitambua baada ya kusikia kipande. Mashine ya kuzipigia iwe na sindano inayofaa, kwani mfereji wa 78 ni mpana zaidi, na sindano ya chuma ya gramafoni hukwangua plastiki mara moja. Nakala ya kompyuta ikichukuliwa, ihifadhiwe pia katika faili lisilobanwa sauti.

Kwa wanaouza, wauze moja moja kwa kufuata daftari. Aidha, waelewe kuwa kuuza santuri si kuuza wimbo. Haki za watunzi na waimbaji zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo inayoshughulikia masuala hayo. Mnunuzi anayetaka kuutoa wimbo upya ana wajibu wa kuwatafuta wenye haki au warithi wao, na karatasi ya mauziano iseme wazi kwamba kilichouzwa ni kitu tu.

Kwa wanaotoa bure kwa chuo au makumbusho, waulize kwanza kama kuna mahali pakavu pa kuziweka na mashine ya kuzisikilizia, na daftari litolewe nakala mbili, moja ibaki nyumbani.

Zikisafirishwa kushuka Soni hadi Mombo, zifungwe wima ndani ya sanduku gumu, zibanwe kwa nguo zisicheze kwenye kona, na zikae ndani ya gari penye kivuli. Sanduku la santuri kubwa 100 pamoja na majalada yake hufikia kilo 25 hivi, hivyo ni heri kufunga masanduku mawili.

Na ile ya 78 iliyokwisha kuvunjika vipande isitupwe siku hiyo hiyo. Vipande vitiwe katika bahasha, karatasi yake ipigwe picha, na bahasha iandikwe namba ile ile iliyomo katika daftari.