Baada ya Njoro: gharama ya kusomea utabibu wa wanyama wa maabara

Anayemaliza udaktari wa mifugo Egerton, pale Njoro, ana kazi mlangoni: ng'ombe wa maziwa wa Molo na Subukia, kuku wa Nakuru, mashamba ya Naivasha. Akiyaacha hayo aende kutunza panya, sungura na nyani wa utafiti, hesabu inakuwa nyingine kabisa. Ushauri wangu nautoa mapema: aanzie nyumbani, Kabete au Karen, ubalozini aende baadaye.

Kazi yenyewe inatuhusu sana. Virusi vya Homa ya Bonde la Ufa vilielezwa mwaka 1931, baada ya kondoo kufa katika shamba karibu na Ziwa Naivasha, na chanjo zake zimepitia kwa wanyama wa majaribio. Kupe wa utafiti wa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe, hulishwa kwenye masikio ya sungura: mfuko wa kitambaa hugundishwa kwenye shina la sikio, kupe wakatiwa ndani, kisha mdomo ukafungwa. Lazima awepo daktari wa kuangalia kama sungura anakula, kama fizi zimepauka, na wa kusema imetosha, atolewe.

Nyumbani, njia ni shahada ya uzamili Kabete, kwenye Chuo Kikuu cha Nairobi, au Egerton kwenyewe, ukiwa umejishikiza kwenye mradi wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, au wa taasisi ya utafiti wa nyani iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960 na ambayo sasa iko Karen. Mradi mzuri hukulipia karo na kukupa posho. Kinachouma ni kodi ya nyumba. Nakuru hadi Nairobi ni kama kilomita 160, na wanyama hawajui Jumapili wala Krismasi, kwa hiyo utapanga Uthiru au Rongai upende usipende. Halafu kuna mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu: ukichelewa kulipa, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi. Posho isiyotosha kodi, chakula na HELB kwa pamoja, ikatae.

Uingereza sitaikawilia. Mwanafunzi hulipa pauni 776 kwa kila mwaka kwa ajili ya huduma za afya, mbali na ada ya viza na karo. Bila ufadhili kama wa Jumuiya ya Madola, unaolipa karo, nauli ya ndege na posho, mshahara wa Kenya hauiwezi.

Marekani ndiko kunakovuta macho, maana mafunzo ya ubingwa wa fani hii hulipwa. Mwaka 2024 kiwango cha posho cha NIH, taasisi za taifa za afya za huko, kwa mtafiti anayeanza baada ya udaktari kilikuwa dola 61,008 kwa mwaka, karibu shilingi milioni 7.9. Lakini baadhi ya nafasi zinalipiwa na ruzuku za mafunzo za NIH, na hizo ni za raia na wenye ukaazi wa kudumu peke yao. Mnamo Septemba 2025 serikali yao ilitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya H-1B, na mwajiri wa kuilipa kwa ajili ya mwanagenzi ni adimu. Viza ya J-1 ni nafuu: dola 220 za usajili na 185 za maombi, kama shilingi 52,000, na ukinyimwa viza ada ya maombi hairudi. Kwa hiyo kabla ya kutuma chochote, andikia programu uulize fedha zake zinatoka wapi na inatoa viza gani.

Kuanzia hapa hakukupotezei muda. Chuo cha mabingwa wa fani hii cha Marekani, ACLAM, kilichoundwa mwaka 1957, hudai mtahiniwa awe amechapisha utafiti akiwa mwandishi wa kwanza. Utafiti huo unaweza kuufanyia Kabete, kwa posho, ukiwa na namba yako ya usajili ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo na pointi zake za mafunzo endelevu za kila mwaka.

Kabla ya kutia sahihi mkataba wa mradi, muulize kiongozi wake ni daktari gani atakayekufundisha, na mnyama akiteseka nani ana mamlaka ya kusimamisha jaribio. Akijibu kwamba uamuzi ni wa mtafiti peke yake, tafuta mradi mwingine hata kama posho yake ni nono.