Je, Wajua? Samaki Wadogo wa Kundi Hawanunuliwi Mmoja Mmoja

Samaki wa mapambo wanaoishi kwa makundi huwavutia sana wanaoanza kufuga nyumbani. Ni wadogo, wana rangi, na bei ya mmoja haiumizi mfuko. Ndiyo maana wengi hununua wawili wa aina hii na watatu wa aina ile, kisha hushangaa kuwaona wamejibanza nyuma ya majani. Yajue haya kabla hujatoa pesa.

Idadi hubadilisha tabia

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulichunguza aina nne za samaki wanaofugwa majumbani, akiwemo neoni tetra. Samaki waliwekwa katika matangi wakiwa mmoja, wawili, watano au kumi. Kwa jumla, waliokuwa wengi walishikamana zaidi na walionyesha dalili chache za woga na ugomvi. Kwa hiyo, kama pesa inatosha samaki kumi tu, chukua kumi wa aina moja. Sita ndiyo idadi ya chini ya kuanzia.

Samaki asiyeona anaweza kufuata kundi

Mwaka 1976 wanasayansi waliwafunika macho baadhi ya samaki wa bahari baridi za kaskazini, wakawaachia kati ya wenzao wanaoona. Waliofunikwa waliendelea kuogelea na kundi bila kuachwa. Siri yao iko ubavuni: samaki ana mstari wa viungo vya hisi unaopokea mtikisiko wa maji kila jirani anapopiga mkia. Kwa kiungo hicho hicho, kidole kinachogonga kioo cha tangi humfikia kama kishindo. Mkataze mtoto kugonga, na muuzaji pia.

Mstari wa neoni huzimika usiku

Ule mstari wa buluu unaong'aa haukupakwa na rangi ya kawaida ya ngozi. Ndani ya chembe za ngozi mna vibamba vyembamba vya fuwele vinavyoakisi mwanga, na nafasi kati ya vibamba hivyo ikibadilika, rangi nayo hubadilika. Gizani mstari hufifia. Ukifika dukani taa ikiwa imewashwa sasa hivi, usiwahukumu samaki waliopauka. Subiri kidogo warudishe rangi.

Baada ya hapo, angalia kwa makini. Neoni ambaye wekundu wake una kiraka cheupe, mgongo umeanza kupinda, na anakaa peke yake wakati wenzake wako pamoja, huenda ana ugonjwa wa neoni. Unaletwa na kimelea kiitwacho Pleistophora, na hauna tiba inayojulikana. Hata wale wanaoonekana wazima katika tangi hilo, waache.

Siku moja iliamua jina la kardinali

Kardinali tetra hufanana sana na neoni, ila wekundu wake hutoka kichwani hadi mkiani. Wa neoni huanzia katikati ya mwili. Mwaka 1956 wataalamu wa Marekani walimpa majina mawili tofauti ya kisayansi: moja lilichapishwa tarehe 20 Februari, la pili tarehe 21. Tume ya kimataifa ya majina ya wanyama ililichagua lile lililotangulia kwa siku moja, axelrodi.

Kwa mfugaji, tofauti iliyo kubwa zaidi ni joto. Neoni hupenda maji ya nyuzi 20 hadi 26 hivi, kardinali hustahimili joto zaidi. Anayeishi Dar es Salaam au Mombasa afikirie kardinali kwanza. Wa Njombe au Limuru ana bahati nyingine: samaki wa Mlima Baiyun, mwenye asili ya vijito vya karibu na Guangzhou, China, hupenda maji ya nyuzi 18 hadi 22, na mara nyingi hahitaji hita.

Kuna mji unaowashangilia samaki hawa

Neoni wengi wa madukani huzalishwa mashambani, hasa Asia. Baadhi ya kardinali bado huvuliwa Rio Negro, Brazili, na katika mji wa Barcelos familia nyingi zimeishi kwa uvuvi huo. Mji huo hufanya tamasha ambalo timu mbili hushindana, Kardinali na Acará-Disco, zote zimebeba majina ya samaki wa mapambo. Mradi wa uhifadhi uitwao Piaba hutetea uvuvi huu kwa hoja kwamba mtu anayepata riziki kwa samaki wa msituni ana sababu ya kuulinda msitu wenyewe.

Mdogo kuliko ukucha, kelele kama mashine

Samaki aitwaye Danionella cerebrum, wa Myanmar, ana urefu wa milimita 12 hivi. Utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba dume hutoa sauti inayozidi desibeli 140, ikipimwa karibu naye kabisa majini.

Afrika nayo ina wake

Tetra wa Kongo, kutoka bonde la Mto Kongo, hung'aa kwa buluu na dhahabu, na dume hufika sentimita 8. Huyu hatoshei katika tangi dogo. Kabla ya kumchagua huyu au tetra mwingine, fikiria pia maji: ya visima vya pwani, yanayopita kwenye mawe ya matumbawe, huwa magumu. Tetra wengi hupenda maji laini. Pima maji yako kwanza, ndipo uchague samaki.

Rangi nyingine ni za sindano

Samaki wa kioo, Parambassis ranga, mwili wake hupitisha mwanga. Wapo wafanyabiashara waliomdunga sindano za rangi ili auzike. Rangi hiyo hufifia, na sindano humjeruhi. Usimnunue aliyedungwa: mnunuzi akikosekana, biashara itakoma.

Siku ya kununua

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54 likijaa, yaani maji pekee ni kilo 54: hakikisha meza ni imara. Liandae wiki nne hadi sita kabla, ili bakteria wanaovunja amonia wakue kwenye filta. Kama maji ya bomba yana klorini, tumia dawa ya kuiondoa.

Dukani, mwombe muuzaji awalishe samaki mbele yako. Wazima huja mbio, mapezi yamekunjuka, matamvua yanapumua taratibu. Ukikuta maiti ndani ya tangi, ondoka. Nyumbani, zima taa, acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha watoe kwa wavu na umwage maji ya dukani. Ukiwa na tangi la pembeni, watenge humo wiki mbili au zaidi kabla ya kuwachanganya na wengine.