Je, Wajua? Riale ya 1780 shingoni mwa bibi

Kidani cha fedha chenye tarehe 1780 huenda ni kipya kuliko kinavyodai. Malkia Maria Theresa wa Austria alifariki mwaka huo, lakini sarafu zake za fedha, riale, ziliendelea kutengenezwa kwa tarehe ileile hadi karne ya 20. Zilizagaa Unguja na Mrima wote, hata Sultani Majid wa Zanzibar alipoanzisha Dar es Salaam miaka ya 1860. Masonara waliziyeyusha wakafua vikuku, na vijaluba vya hirizi vya kutilia aya za Kurani, zilizoaminiwa kumkinga mvaaji. Nyingine zilitiwa kipete tu, zikavaliwa nzima. Sonara wa mjini ataipima riale nzima: gramu 28 hivi. Tafadhali, isiyeyushwe kabla bibi hajasimulia alivishwa na nani.