Ligamenti mpya ya goti inatoka wapi?

Kijana akigeuka ghafla uwanjani, goti likalia, likavimba siku hiyohiyo, huenda ligamenti ya katikati ya goti imekatika. Hiyo ndiyo inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Si kila mtu atahitaji upasuaji. Wengine husaidiwa na mazoezi. Lakini goti likiendelea kuteleza, daktari hushauri kuweka ligamenti nyingine. Hapo sisi wazazi huogopa: ataitoa wapi?

Mara nyingi huitoa kwa mgonjwa mwenyewe. Huchukua kano moja au mbili za nyuma ya paja, kupitia jeraha dogo chini ya goti. Nguvu ya kukunja goti hupungua kiasi, ndiyo maana mazoezi ni ya lazima. Madaktari wengine huchukua sehemu ya kano iliyo chini ya pia ya goti, pamoja na vipande vidogo vya mfupa.

Kano za paja hutayarishwa juu ya meza ndogo, palepale katika chumba cha upasuaji. Msaidizi huzikwangua nyama yote, huzikunja ziwe nene, kisha hushona ncha zake kwa uzi imara. Huzipitisha katika matundu ya kipimo yanayozidiana kwa nusu milimita, ili njia itakayotobolewa mfupani ilingane nazo. Wengi hutaka unene usipungue milimita 8, kwa sababu nyembamba hukatika upesi zaidi. Baadaye huzivuta juu ya ubao kwa muda, zisije zikalegea ndani ya goti.

Wakati wote huo hufunikwa kwa shashi yenye maji ya chumvi, zisikauke. Hospitali nyingine huongeza dawa ya vankomisini kuzuia maambukizi. Kila aliye chumbani lazima ajue kano ziko wapi, maana zikianguka sakafuni ni hasara kubwa.

Mwishoni hufungwa mfupani kwa skrubu au kifungo kidogo cha chuma. Lakini kazi haijaisha. Katika miezi ya kwanza kano hudhoofika kabla ya kuimarika, hata kama maumivu yamekwisha. Wengi hushauriwa kungoja angalau miezi 9 kabla ya kurudi uwanjani. Daktari amefanya sehemu yake; sisi tunaokaa na kijana nyumbani tumsaidie kungoja.